Nyumba ya Askari Kwanza, Kituo Baadaye

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu na mwanachama ambaye ni askari polisi mstaafu. Tumeichapisha kwa maombi ya wajumbe wengi. Fomu za ahadi ziko kurasa za nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, viongozi wa matawi ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, mama zetu, vijana wetu, ndugu zangu wote wa Kilosa na Mikumi. Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wenzetu wa Twatwatwa na Parakuyo mliokuja mwaka huu kwa wingi, sopa.

Nimepewa nusu saa, na Katibu ameshaweka simu yake mezani ya kuhesabu dakika. Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mwanzoni, ili hata anayetoka kwenda kupokea simu aondoke na jibu. Kamati imeleta pendekezo kwamba harambee ya mwaka huu ijenge kituo kidogo cha polisi nyumbani. Mimi nimekuwa polisi maisha yangu yote ya kazi, na nasema: mwaka huu tusijenge kituo. Tujenge nyumba ya kuishi askari kwenye kata, na tujenge chumba chenye mlango kwa ajili ya Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo kisubiri.

Tangu pendekezo litoke, kwenye kundi letu la WhatsApp maneno yamekuwa mengi. Wapo walioandika kwamba tumeshachangia madarasa, tumeshachangia zahanati, sasa ni zamu ya usalama. Na kuna mama yetu mmoja, jina nalihifadhi, aliandika: "Yaani nichange niwajengee mahabusu ya kumfungia mwanangu wa bodaboda?" Watu wakamjibu kwa alama za kucheka. Nami nilicheka. Lakini mama yule ameuliza swali la msingi kuliko sote tulioandika pale. Polisi ni wa nani? Akija kijijini, anakuja kwa ajili yetu au anatujia sisi?

Jina rasmi ni Jeshi la Polisi, na jina hilo lina historia yake. Mwaka 1829 Robert Peel alipoanzisha polisi wa London, alitaka askari anayezunguka mtaani kwa miguu, ana rungu tu, anajulikana kwa sura. Lakini Ireland, ambako Waingereza walitawala watu ambao wengi wao hawakuwataka, walijenga polisi wa namna nyingine: ana bunduki, analala kambini, na hapangwi wilaya aliyozaliwa asije akawahurumia ndugu zake. Makoloni yalirithi zaidi mfano huo wa pili. Polisi ya Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto, kazi yake kubwa ilikuwa kulinda utawala na mali za watawala. Uhuru ukaja, nembo ikabadilika, askari wakawa watoto wetu wenyewe, lakini kota za polisi zikabaki pale pale pembeni, na tabia ya kumtazama raia kutoka upande wa pili wa kaunta ikabaki nayo.

Mwaka 2006 Said Mwema alipoteuliwa kuwa Inspekta Jenerali, ndipo neno Polisi Jamii likaanza kusikika kila kikao. Nilikuwa kazini. Tulipewa semina, na wazo lilikuwa zuri, bado naliamini hadi leo: mhalifu anajulikana na majirani kabla hajajulikana na polisi, kwa hiyo polisi asiyeongea na majirani anafanya kazi gizani. Tatizo ni kwamba mahali pengi Polisi Jamii iligeuka kuwa mkutano mmoja wa hadhara, fulana, na namba za simu zilizobandikwa ukutani. Majirani zetu Kenya nao mwaka 2013 walichukua mfumo wetu wa nyumba kumi wa miaka ya 1960 wakaufanya mpango wa taifa wa usalama, na wao pia wamegundua kwamba kuorodhesha nyumba ni rahisi kuliko kumfanya mwenye nyumba aseme anachokijua. Hapa kwetu mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza mabadiliko makubwa katika Jeshi la Polisi. Mambo hayo yako juu, yatashuka kwa mwendo wake. Mimi nazungumzia sehemu ambayo mikono yetu inafika.

Sehemu hiyo ni kata. Miaka ya karibuni Jeshi limeanza kupanga wakaguzi kwenye kata, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini wilaya yetu ina kata 40. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 438,175, na ile ya 2022 imetukuta tumevuka laki sita. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi ni zaidi ya kilometa 70, na mnajua barabara ile masika inavyokuwa. Mkaguzi anapangiwa kata, anafika, hakuna pa kulala. Anapanga chumba mjini. Anakuja kwa bodaboda asubuhi, anasaini daftari kwa mtendaji, anasikiliza mawili matatu, na jua likiwa bado liko juu anarudi. Uhalifu wetu mnajua saa zake.

Sasa niseme jambo zito, na naomba radhi kwa ambao litawagusa, maana humu ndani wapo waliopoteza ndugu. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38. Wakulima. Ni siku ambayo sisi wa Kilosa tukitaja kwetu mbele ya wageni, mtu mzima anakumbuka. Oktoba 2008 damu ikamwagika tena upande wa Mabwegere. Mengi yameandikwa. Watafiti watatu, Tor Benjaminsen wa Norway na wenzake Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha utafiti wao mwaka 2009 kuhusu mauaji yale ya Rudewa. Wameeleza habari ya ardhi, habari ya wafugaji kubanwa njia za kwenda mtoni na malishoni, habari ya sera zinazomwona mfugaji kama mtu wa kuondolewa. Lakini wameeleza pia jambo ambalo mimi kama polisi nililisoma mara mbili: rushwa ilikuwa imewatoa watu imani na vyombo vya serikali, na hivyo hamu ya kutafuta suluhu kwa amani ikapungua. Wakulima walikuwa na kundi lao la ulinzi la jadi, Mwano. Wafugaji walikuwa na morani wao. Kila upande ulikuwa na polisi wake. Ile ya serikali haikuwa ya mtu.

Watu huuliza: polisi walikuwa wapi siku ile? Ni swali la haki. Mimi naliongezea lingine: walikuwa wapi miaka mitano kabla, ng'ombe wa kwanza alipoingia shambani?

Nichukue mfano wa kawaida, usio na jina la mtu wala la kijiji, maana kila mmoja wenu ana wa kwake. Ni Jumamosi jioni, mwezi wa kumi na moja. Mahindi ya vuli yameshaota, malishoni kumekauka, maji yako bondeni. Ng'ombe arobaini wameingia kwenye ekari mbili za mtu. Mwenye shamba anapiga yowe. Vijana wanakuja na mapanga, wanawaswaga ng'ombe hadi ofisi ya kijiji. Aliyekuwa akichunga ni mtoto wa miaka kumi na miwili, amekimbia kuita wakubwa. Ofisini mtendaji hayupo, kaenda kikaoni wilayani. Yupo mwenyekiti wa kitongoji na mgambo wawili.

Nani anathamini hasara? Utaratibu unasema bwana shamba. Bwana shamba ana vijiji vitatu, atafika Jumatatu. Kwa hiyo bei inatajwa pale pale, kwa hasira, na kila anayefika anaongeza. Ng'ombe wanalala bila maji. Asubuhi ndama mmoja amekufa. Sasa kuna madai mawili badala ya moja.

Simu imeshapigwa polisi. Jibu linalokuja mara nyingi mnalijua: gari halina mafuta, mlalamikaji achangie. Jamani, nani mwenye pesa taslimu ya mafuta Jumapili asubuhi? Mwenye mahindi yaliyoliwa? Hapana. Ni mwenye ng'ombe. Anauza dume, anaweka mafuta, anapanda gari. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye shamba, umekaa hujalala, unaona gari la polisi linaingia, na anayeshuka mbele, karibu na dereva, ni yule unayemlalamikia. Askari yule huenda hajapokea hata shilingi mia. Haisaidii kitu. Kesi imeshahukumiwa machoni pa kijiji.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Mwenye ng'ombe akifika anamkuta mwenyekiti, mgambo na mwenye shamba ni watu wa ukoo mmoja, au wamesoma darasa moja. Faini imeshapangwa. Akiomba stakabadhi anaambiwa asilete ujuaji. Analipa, anaondoka na ng'ombe waliokonda na kiu, na maneno anayoyabeba kwenda nayo bomani ni haya: pale hakuna serikali, pale kuna ndugu tu. Nimewasikiliza wakulima wa kwetu na nimewasikiliza wafugaji wa kwetu kwa miaka mingi. Mkulima anasema polisi ni wa wafugaji kwa sababu wana hela. Mfugaji anasema polisi ni wa wakulima kwa sababu ndio wenyeji. Wanasema jambo moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Sasa kwenye jioni ile ile muweke askari anayelala umbali wa dakika kumi kwa miguu. Gari halihitaji. Anafika jua likizama. Anahesabu ng'ombe mbele ya pande zote mbili na kuandika idadi kwenye daftari. Anaagiza wapewe maji. Anapita shambani na simu yake, anapiga picha mahindi yalivyoliwa kabla mvua haijanyesha. Anahakikisha yule mtoto amefika kwao salama, maana mara nyingi vita inaanzia kwa mtoto aliyepigwa. Anampigia bwana shamba, anaandika siku atakayokuja. Anawaambia vijana warudi na mapanga yao nyumbani. Wala hajamkamata mtu! Sehemu kubwa ya jambo lile si jinai, ni madai, na yana baraza lake. Yeye kazi yake ni kwamba hadi Jumatatu asiumie mtu, na Jumatatu ikifika kuwe na maandishi ambayo hakuna upande unaoweza kuyakana.

Hiyo ndiyo polisi ya kisasa ninayoielewa mimi. Haina droni.

Mtu atasema: tuna sungusungu, tuna mgambo, wanatosha. Naheshimu sana kazi hiyo. Sungusungu ilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda, na ilifanya kazi ambayo sisi polisi hatukuweza. Serikali ikaona, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa uwezo wa kukamata sawa na wa konstebo. Lakini nimefanya kazi maeneo ya sungusungu na nimeona pande zote mbili za sarafu. Lile kundi lenye orodha ya majina inayojulikana, linalokabidhi mtuhumiwa akiwa mzima, na faini zake zina stakabadhi, hilo linaleta usingizi kijijini. Lile linalopiga na kutoza, ukifika mwaka wa tatu linakuwa genge lenye kibali. Na tukishazoea kupiga, mwisho wake ni ile habari ya redioni ya asubuhi, kwamba mtu fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi hao wana majina. Ni sisi. Raia ana haki ya kumkamata anayetenda jinai mbele ya macho yake, sheria inaruhusu, lakini anatakiwa amkabidhi bila kukawia. Anamkabidhi nani, ikiwa polisi wa karibu ni nauli ya elfu ishirini? Hapo ndipo naomba mwelewe kwamba nyumba ya askari inawalinda hata hao sungusungu.

Nivuke niende Mikumi, maana watu wa Mikumi wananitazama kana kwamba nimewasahau.

Mikumi ni jambo jingine kabisa. Pale barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ndiyo imeujenga mji, na hifadhi imekuwapo tangu 1964. Kijana wa Mikumi ukimuuliza polisi ni nani, atakuambia ni yule wa tochi. Anayesimama chini ya mti na kupima mwendo, hamsini kwa saa kwenye makazi. Mimi sitetei wala sibezi kazi ya tochi. Watoto wetu wanavuka barabara ile kwenda shule, na dereva wa lori anayeshuka usiku akitafuta Mbeya hana habari na mtoto wa mtu. Ila angalia maana yake: mji mzima unamjua polisi kwa kazi moja tu, ya kumtoza mtu mwingine anayepita. Wanaokaa pale wana shida zao. Malori yanalala kando ya barabara na asubuhi mafuta yamenyonywa. Wasichana wanaletwa kufanya kazi kwenye nyumba za kulala wageni na hakuna anayejua wametoka wapi. Tembo anaingia shambani, mwenye shamba anampigia askari wa wanyamapori, askari wa wanyamapori na polisi wa kawaida kwa mwanakijiji ni wale wale wenye sare, na hasira ya huyu inamwangukia yule.

Na Kilosa mjini nako jiandaeni. Treni ya umeme imeanza kazi mwaka 2024, inasimama Kilosa. Mgeni aliyekuwa anatumia nusu siku kufika sasa anakuja na kurudi kabla chai haijapoa. Ni neema, na wageni wa kila aina watakuja nayo.

Sasa chumba cha Dawati. Hapa nitaongea polepole kidogo, na mama zangu mnisamehe.

Dawati la Jinsia na Watoto ni askari aliyesomea kusikiliza mambo ya ukatili, ya mke na mume, ya watoto. Jeshi limeweka madawati hayo vituoni kwa miaka mingi sasa, na ni kati ya mambo bora lililofanya. Lakini dawati bila chumba ni meza. Nimeona kituo kimoja, sitakitaja, meza hiyo iko hatua nne kutoka kaunta. Mama anafika na mtoto wa miaka tisa. Kwenye benchi wamekaa vijana wanaongoja pikipiki zao zilizokamatwa. Kuna mtu amekuja kuchukua RB ya kitambulisho kilichopotea. Askari anamuuliza mama, kwa nia njema kabisa, "Shida nini?" Mama anatazama benchi. Anasema, "Nimekuja kuuliza tu." Anageuka.

Akifika nyumbani wazee wanakaa, mbuzi anatajwa, yanaisha kifamilia. Mnajua sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inavyosema: kubaka ni kifungo cha miaka isiyopungua 30, na hakuna mzee, ukoo wala mbuzi anayeweza kuifuta kesi hiyo. Lakini sheria haina miguu. Inaanza kutembea pale mama anapotaja neno la kwanza, na neno hilo halitajwi mbele ya benchi la bodaboda. Chumba kimoja, mlango unaofungwa, dirisha lililo juu, kiti cha mtoto. Mhandisi wa chama ameniambia ni sehemu ndogo ya gharama ya kituo kizima.

Nirudi kwa yule mama na mwanawe wa bodaboda. Sehemu ya jibu lake ni haki ambazo kila mtu humu anatakiwa azijue na kuzipeleka nyumbani. Fomu ya PF3 ya kutibiwa majeruhi hailipiwi. Dhamana ya polisi haina bei, anayekuuzia anakuibia. Aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, na ana haki ya kuambiwa kosa lake. Nilipokuwa kazini niligundua kwamba raia anayejua mambo haya matatu hapigiwi kelele. Anaheshimiwa. Kwa hiyo napendekeza karatasi moja ya haki hizi ichapishwe kutoka kwenye fedha za harambee, kwa Kiswahili cha kawaida na kwa Kimaasai, ibandikwe kila ofisi ya kijiji. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula tutakachokula mchana huu.

Wamenipinga wengi kwenye kamati, na si wapuuzi. Ndugu mmoja aliuliza: tukimjengea nyumba, na akaletwa askari mbaya, si tumemkaribisha mwizi sebuleni? Nimejibu hivi. Askari mbaya anayekaa mjini ni mbaya vile vile, ila hamumwoni. Akikaa kati yenu, mtaona nani anagonga mlango wake usiku na nani anatoka ameshika kuku. Mtajua jina lake, na OCD ataletewa jina, siku na saa, badala ya kuambiwa "polisi wenu wabaya." Haimalizi tatizo lote. Atazoeana na watu, ataalikwa harusi, ataoa hata, na siku shemeji yake akikamatwa tutaona. Lakini upendeleo wa mtu unayemjua unaweza kuusema hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Wa asiyejulikana huwezi.

Mwingine alisema tutenge fungu la mafuta ya gari la polisi, tatizo liishe. Hilo nalikataa, na naomba mkutano ulikatae. Mafuta ya polisi ni bajeti ya serikali. Wabunge wetu wapo, tuwabane huko. Siku chama kikianza kujaza tangi, askari atajua nani anamlisha, na mtu wa Tindiga asiye na ndugu kwenye chama hiki atauliza, kwa haki, kama gari lile litakuja na kwake. Pesa taslimu kwa polisi, hata kwa nia njema, isitoke kwenye mfuko wetu. Pikipiki pia naona tuiache kwa sasa. Pikipiki bila mafuta inaturudisha pale pale.

Nyumba yenyewe, kwa maoni yangu, ikabidhiwe kwa serikali ya kijiji na iandikwe kwa jina la kijiji. Askari awe mpangaji wa wananchi, asiyelipa kodi. Akihama, ufunguo unarudi kwa mtendaji. Ikae katikati ya makazi, isiwe juu kilimani kama bungalo ya bwana shauri. Na katika zile kata mbili zilizopendekezwa, moja ya wakulima wengi na moja ya wafugaji wengi, tujenge zote mbili mwaka mmoja. Tukianza na moja, tumeshaharibu. Upande wa pili utasema ndiyo yale yale.

Kuna ombi moja lisilohitaji bati wala saruji. Viongozi wa vijiji na malaigwanani walioko humu wakubaliane leo, kabla ya chakula, tarehe ya kikao cha pamoja cha kila mwezi, zamu kwa zamu, mwezi huu kwa wakulima na mwezi ujao kwa wafugaji, na mkaguzi wa kata akiwapo na daftari lake. Wasiongojee mifarakano ndipo waitane. Wakutane hata kama hakuna la kusema, wanywe chai. Kiangazi kinakuja na maji ni yale yale ya Mkondoa na Wami.

Mwenyekiti, Katibu ameshanionyesha simu mara mbili. Mchoro wa nyumba na wa chumba uko ukutani, mlangoni upande wa kulia. Mhandisi yupo, muulizeni maswali magumu. Mwenye tofali aandike tofali, mwenye bati aandike bati, na fundi anayeweza kujitolea wiki moja aandike wiki moja, tunazihesabu zote. Yule mama wa kwenye WhatsApp yumo humu, nimemwona, na nimependekeza jina lake kwenye kamati ya ujenzi. Bado hajanijibu.

Naomba kuwasilisha.